Kompyuta ya kurikodia: msinunue jina, nunueni utulivu na sitara

 

Tangu tuanze kurikodi sauti za wanawake wenzetu, swali tunaloulizwa zaidi si la sauti wala la dufu. Ni hili: "Mnatumia kompyuta gani?" Na anayeuliza huwa keshapewa jibu na mtu mwengine. Mmoja kaambiwa na kaka yake kwamba bila ya Mac hakuna studio. Mwengine kaambiwa na fundi kwamba Mac ni kiburi cha matajiri, Windows inatosha. Wa tatu, huyu alituchekesha, kaambiwa na mchumba wake anunue simu mpya tu mambo yaishe. Leo tutasema tunavyoona sisi, kwa sababu fedha inayozungumzwa hapa kwa wengi wetu ni fedha ya mchezo wa miezi mingi, na wapo wanaotaka kuitoa kwenye mahari yao.

Kwanza lakini tuseme kwa nini tuliingia kwenye mambo haya, maana bila ya kisa hicho ushauri wetu utaonekana wa ajabu.

Mwenzetu mmoja alipokuwa anaolewa alitaka kumwachia mama yake zawadi. Alitunga maneno mwenyewe, akataka ayasome kwa sauti yake huku mashangazi wanampokea kwa dufu, yapigwe usiku wa kesha, wanawake watupu. Alikwenda kurikodi studio moja. Kijana mpole, bei nzuri, kazi ikatoka safi. Wiki tatu baada ya harusi ile sauti ikaanza kuzunguka kwenye simu. Hakukuwa na neno baya ndani yake. Lakini ilikuwa sauti ya biharusi anayelia katikati ya ubeti, na watu wasiomjua wakawa wanaisikiliza barazani. Yule kijana aliapa kuwa hakuisambaza, na sisi tunamwamini. Kompyuta ile ilikuwa inatumiwa na watu wanne, haina neno la siri, na kila aliyekuja na flashi yake alichukua alichotaka. Mume wake alisimama naye vizuri, Alhamdulillah. Mama yake mpaka leo hajaisikiliza tena ile zawadi.

Suala la sauti ya mwanamke wanazuoni wana maneno yao, na kila mmoja wetu ana mwalimu wake wa kumuuliza, hatuliingii hapa. Tunalosema sisi ni dogo zaidi kuliko hilo. Aliyerikodi kwa ajili ya wanawake ana haki isikike kwa wanawake. Ile ni amana, na amana hiyo haikai hewani. Inakaa ndani ya diski ya kompyuta ya mtu fulani. Ndiyo tukaamua mtu huyo tuwe sisi.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay ili sauti zao ziingie kwenye santuri za HMV. Mitambo ilikuwa ya wenyewe, chumba cha wenyewe, na santuri zikauzwa na wenyewe. Leo kazi ile ile inafanyika kwenye meza ya kushonea, chumbani kwako, mlango umefunga. Kwa hiyo swali la kompyuta gani si la mafundi peke yao. Ni swali la ufunguo uwe kwa nani.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe.

Watu wengi hudhani kompyuta ndiyo inayofanya sauti iwe nzuri. Si kweli. Sauti inatoka kinywani, inaingia kwenye maikrofoni, inapita kwenye kile kisanduku kidogo kinachoitwa intafesi, hapo inageuzwa tarakimu, ndipo kompyuta inazipokea na kuzihifadhi. Kompyuta ni karani. Karani mzuri haongezi utamu wa maneno yako, ila haandiki makosa na hapotezi karatasi. Faili la WAV la biti 24 lililorikodiwa kwenye Mac na lililorikodiwa kwenye Windows, kwa maikrofoni ile ile na kisanduku kile kile, ni kitu kimoja. Mtu akikwambia Mac ina sauti tamu zaidi, mfunge kitambaa machoni umpigie zote mbili.

Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye mambo matatu: kuchelewa kwa sauti, kelele, na usumbufu. Tutakaa zaidi kwenye la kwanza, kwa sababu ndilo lililotutesa sisi.

Siku ya mwanzo tulitumia laptopu ya Windows ya mmoja wetu, anayoandalia masomo ya skuli. Tukamwekea shangazi hedifoni, tukampigia sauti ya kiongozi, yeye aingie na dufu. Akapiga. Akavua hedifoni akasema, "Nyie, hii mashine yanisema nyuma." Alikuwa sahihi kabisa. Anapiga dufu mkononi, anajisikia hedifonini baadaye. Mtu wa dufu hawezi kufanya kazi hivyo. Anapunguza mwendo ili aingoje ile sauti, mashine nayo inazidi kumchelewesha, mwisho qasida nzima inalala usingizi.

Sababu yake ni hii. Kompyuta haichukui sauti tone kwa tone, inaijaza kwenye ndoo kwanza, kisha inaimwaga. Ndoo hiyo huitwa bafa. Ukirikodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa ya sampuli 1,024, ndoo moja inajaa kwa milisekunde 21 hivi. Kuna ndoo ya kuingia na ndoo ya kutoka, kwa hiyo unakaribia 43, na vifaa vyenyewe vinaongeza kidogo. Sauti hewani hukata takriban mita moja kila milisekunde tatu. Yaani shangazi alikuwa anajisikia kama dufu lake linapigwa upande wa pili wa ua, mita kumi na nne kutoka alipo. Ukipunguza bafa mpaka sampuli 128, ndoo inajaa kwa milisekunde 2.7 tu, na hapo dufu linarudi mapajani mwake.

Kwa nini basi tusiweke 128 siku zote? Kwa sababu ndoo ndogo inataka mmwagaji hodari. Kompyuta ikichelewa hata mara moja, unasikia "tik", au sauti inakatika. Na hapa ndipo Mac na Windows zinapoachana njia.

Kwenye Mac, Apple imeweka mfumo wake wa sauti, Core Audio, ndani ya kompyuta yenyewe, na umetengenezwa kwa kazi hii. Intafesi nyingi za USB za siku hizi unazichomeka tu, zinaonekana. Kwenye Windows mfumo wa kawaida wa sauti haukuwekwa kwa ajili ya watu wa studio, ndiyo maana kampuni ya Steinberg ya Ujerumani, wenye programu ya Cubase, mwaka 1997 ilileta njia ya mkato inayoitwa ASIO. Mpaka leo mtu wa Windows anatakiwa apakue draiva ya ASIO kutoka kwa waliotengeneza intafesi yake, aiweke, kisha aichague ndani ya programu. Sisi hatukufanya hivyo siku ile. Tulichomeka tu, tukalaumu mashine. Tulipoweka draiva yake, tukazima Wi-Fi, tukaweka umeme kwenye nguvu kamili badala ya kuokoa betri, ile ile laptopu ya skuli ilikwenda kwa sampuli 128 bila ya tik hata moja. Tulimwomba radhi. Tunaamini wengi wanaosema Windows haifai kurikodia hawajawahi kuweka draiva ya ASIO.

Na kuna siri ambayo wauzaji wa kompyuta hawaisemi: intafesi nyingi, hata zile ndogo kama Scarlett 2i2, zina kitufe kinachopeleka sauti ya maikrofoni moja kwa moja kwenye hedifoni bila ya kupita kwenye kompyuta. Ukikibonyeza, mwimbaji anajisikia papo hapo, bafa iwe kubwa itakavyo. Kwa kazi zetu sisi, qasida, mashairi, mawaidha, dufu nne na sauti sita, kitufe hicho kimemaliza nusu ya ugomvi wa Mac na Windows.

Kelele sasa. Anayerikodi London au Chicago anaogopa kelele za nje. Sisi tuna joto. Ukizima feni na kiyoyozi na kufunga madirisha, chumba kinakuwa tanuri ndani ya robo saa, na laptopu inapata joto kama mtu mwengine yeyote, inawasha feni yake, na feni hiyo iko nusu mita kutoka kwenye maikrofoni. Tumepoteza rikodi nzuri kabisa za sauti ya chini, ile ya mtu anayesoma dua kwa unyenyekevu, kwa sababu nyuma yake kuna mvumo kama wa nyuki. Hapa Mac imetushinda kwa haki. MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka Novemba 2020, haina feni kabisa ndani yake. Haina cha kuvuma. Ukiiweka juu ya maikrofoni ni kimya kama Msahafu juu ya rafu. Sifa hiyo moja ina thamani kwetu kuliko zote zinazoandikwa kwenye maboksi.

La umeme hamhitaji kuelezwa. Wenye umri wetu wanakumbuka lile giza la Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima. Siku hizi haufiki huko, lakini unakatika, na unakatika pale pale sauti ilipokaa sawa. Kwa hiyo kompyuta ya mezani hata iwe na nguvu vipi sisi hatuishauri kwa mtu anayeanza, labda awe na betri ya akiba. Laptopu umeme ukienda inaendelea. Tena kurikodi kwa betri kuna faida nyengine: ule mngurumo wa chini unaousikia kwenye spika na rikodi mara nyingi unaingia kupitia chaja na nyaya za nyumba. Chomoa chaja, sikiliza. Mara nyingi unaondoka wenyewe. Kwenye betri nako M1 inazishinda laptopu nyingi za bei yake, na za Windows za zamani zinazouzwa mitumba huwa betri zake zimeshachoka.

Mpaka hapa utadhani tunasema kanunueni Mac wote. Subirini.

Mac ukiinunua na kumbukumbu ya GB 8, utakufa nayo na GB 8. Haiongezwi. Diski nayo vivyo hivyo, na ile ya 256 inajaa upesi. Wacha tuhesabu: njia moja ya sauti, biti 24 kwa sampuli 48,000, inakula MB 518 hivi kwa saa. Njia nane kwa saa mbili ni zaidi ya GB 8, na hapo hujaanza hata kuchanganya. Kwa hiyo uongeze na diski ya nje. Tena Apple wana tabia ya kusonga mbele bila ya kugeuka nyuma. Mwaka 2019 toleo lao la Catalina lilikataa programu zote za biti 32, na watu wa studio duniani kote wakaamka asubuhi vifaa vyao vya zamani havifunguki. Laptopu ya Windows nyingi unaweza kuzifungua, ukaongeza kumbukumbu, ukabadilisha diski, na kila mtaa una fundi anayeijua. Mac ikizimika, huyo fundi anakutazama na kukwambia uvuke bahari.

Lakini msikimbilie mitumba ya Windows pia bila ya kutazama. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo haikubali kompyuta zote. Kwa chipu za Intel inataka kizazi cha 8 na kuendelea, pamoja na kile kifaa cha ulinzi, TPM 2.0. Laptopu nyingi nzuri kwa macho zinazoletwa madukani ni za kizazi cha 6 na cha 7. Muuzaji atakwambia "Core i7 hii, dada", nawe ukaridhika. Muulize kizazi cha ngapi. Namba iliyo baada ya i7 na kistari ndiyo inayosema: ikianza na 6, ni cha sita.

Na kwa Mac za mitumba, jambo moja tu, lakini likikupita umenunua sinia: mwenyewe wa kwanza awe ameitoa kwenye akaunti yake. Iwashe mbele ya muuzaji, ianze upya, uone haiombi neno la siri la mtu usiyemjua wala haisemi ni mali ya kampuni. Sisi tuliuziwa moja ya namna hiyo. Muuzaji akasema itafunguliwa kesho. Kesho hiyo haijafika mpaka tunaandika haya, na fedha tulirudishiwa nusu.

Kuhusu Linux tutasema kidogo, si kwa dharau. Ipo Ubuntu Studio, ni ya bure, na ndani yake kuna Ardour ambayo ni programu ya kazi kweli kweli. Tuliiweka kwenye laptopu kuukuu na ikarikodi vizuri. Tatizo likija jambo usiku wa kuamkia harusi hakuna wa kumpigia simu, na baadhi ya waliotengeneza intafesi hawaandiki programu zake za kuendeshea kwa ajili ya Linux. Kama nyumbani kwako yupo mtoto anayependa mambo hayo, mwachie. Iwapo huna, itakuchosha. Simu na iPad zinatosha kwa darsa la mtu mmoja. iPad unaweza hata kuitia intafesi, na tangu 2023 Logic Pro ipo humo kwa malipo ya mwezi au mwaka. Kwa dufu nne na watu sita, hapana.

Tuje kwenye programu, na hapa tutasema maneno ambayo baadhi yenu hamtayapenda. Watu wanakuja na flashi, "chukueni, hii imeshavunjwa, haina malipo." Programu ya kurikodia qasida ya Mtume, salla-Llahu alayhi wasallam, imeibiwa! Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988 lilishatamka kuwa haki za kazi za waandishi na wavumbuzi ni haki za wenyewe, zinalindwa na sheria na haijuzu kuzivamia. Tena ukiacha dini, hizo ndizo zinazoleta virusi, na virusi ndivyo vinavyotoa sauti za watu nje. Na hakuna dharura ya kuiba. Audacity ni ya bure na inafanya kazi kwenye Mac, Windows na Linux. Mac haitozi chochote kwa GarageBand. Logic Pro ya Mac unailipia mara moja, kiasi cha dola 200, na tangu Apple iinunue kampuni ya Emagic mwaka 2002 haipatikani tena kwenye Windows. Anayeitaka Logic basi keshachaguliwa kompyuta. Sisi tunatumia Reaper. Leseni ya watu wadogo ni dola 60, siku 60 za mwanzo unaijaribu bure, na inakwenda kwenye mifumo yote mitatu. Hilo la mwisho ndilo lililotuvuta. Mmoja wetu ana Windows nyumbani na kazi inahama kutoka kwake kuja kwetu bila ya kubadilika.

Pro Tools mtaisikia sana, maana studio kubwa za nje zimeizoea tangu miaka ya 90. Kama biharusi wako anataka kazi yake imaliziwe studio kubwa, huhitaji kuwa na programu yao. Mtolee kila njia kama faili la WAV, zote zianzie pale pale mwanzo, mpelekee. Watazifungua kwa chochote walicho nacho. Na hizo WAV ndizo za kuhifadhi miaka ishirini, kwa sababu programu hufa, kompyuta hufa, WAV inafunguka.

Sasa lile la sitara, ambalo hatujaona muuzaji hata mmoja analitaja. Kompyuta za siku hizi, Mac na Windows, zina tabia ya kupeleka mafaili yako intaneti bila ya wewe kutia akilini. Mac ina iCloud, Windows ina OneDrive, na zote mbili zinaweza kuchukua kila kilicho kwenye Desktop na Documents zikakipandisha. Watu huambiwa ni akiba nzuri. Ndiyo, kwa barua za skuli. Kwa sauti ya biharusi anayemlilia mama yake, na akaunti ile ile ipo pia kwenye simu ya kaka yako au tableti ya watoto, umeshaiweka barazani. Tumeona kwa macho yetu: mtoto wa miaka tisa anafungua tableti, anapiga rikodi ya shangazi yake. Hakuna aliyekusudia.

Kwa hiyo sisi rikodi za watu hatuziweki kwenye folda hizo. Zinakaa kwenye diski ya nje ambayo imefungwa kwa neno la siri, na nakala moja kwenye diski ya pili nyumba nyengine. Diski ya kompyuta yenyewe nayo imefungwa. Kwenye Mac unawasha FileVault, kwenye Windows ya Pro ni BitLocker. Laptopu ikiibiwa kwenye boti, mwizi kapata chuma. Na ikienda kwa fundi, diski ya nje haiendi nayo. Neno la siri tunalijua wawili tu, limeandikwa kwenye karatasi ndani ya kasha la mama wa mmoja wetu, kwa sababu kulisahau ni sawa na kuzichoma moto rikodi zote.

Kazi ikishakabidhiwa, tunamuuliza mwenyewe: tuihifadhi au tuifute? Wengi wanasema ihifadhiwe. Wapo wawili waliosema futa, na tulifuta mbele yao. Studio gani ya mjini ingekuuliza hivyo?

Basi tunasemaje? Kama una laptopu ya Windows inayokubali Windows 11 na ina kumbukumbu ya GB 16, au inaweza kuongezwa zikafika, usinunue kompyuta yoyote. Weka draiva, zima Wi-Fi wakati wa kurikodi, fedha yako peleka kwenye maikrofoni, intafesi na chumba. Kama unaanza huna kitu, na unaweza kuipata MacBook Air ya M1 safi kwa bei ya kueleweka, ichukue hiyo, kwa ajili ya ukimya na betri, si kwa ajili ya ile alama ya tofaa. Mwenzetu mmoja haafiki. Yeye anasema mtu anayeanza achukue kitu ambacho fundi wa mtaani atakijua, na anayo hoja. Tumebishana mwaka mzima na chai imeisha mara nyingi. Linalotuunganisha sote watatu ni kwamba ukiwa na shilingi kumi, zisizidi nne kwenye kompyuta. Tumewaona waliotia zote kumi kwenye Mac mpya kisha wanarikodi kwa maikrofoni ya simu ndani ya chumba chenye sakafu ya vigae.

Chumba chenyewe hakitaki gharama. Makhanga ukutani hayasaidii, ni mepesi, yanapendezesha tu. Magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya mwimbaji na kabati lililo wazi lenye mabuibui limejaa pomoni ndiyo studio yetu. Maikrofoni ikimaliza kazi inarudi kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya, kwa sababu unyevu wa bahari hauna huruma nayo.

Wale sita mliojiandikisha Jumamosi hii, njooni baada ya Isha, kelele za mtaa zikishatulia. Maji ya kunywa yapo. Bangili ziacheni nyumbani tafadhali. Maikrofoni inazisikia zote.